Uzito wa Tembe, Wepesi wa Bati

Mvua ya kwanza ya msimu imepita saa kumi jioni na haikuchukua hata nusu saa. Kiwanja cha jirani kimepokea paa la watu. Limelala chali, kenchi, zile fremu za mbao zinazolibeba, zinatazama juu. Bati zote zipo mahali pake, papi, yaani mbao zinazopigiliwa bati, zimeshikana na kenchi, na ile mbao inayolala juu ya ukuta, ambayo mafundi wanaiita wolpleti, imekuja nayo karibu yote. Kwenye nyumba yenyewe, kozi, yaani safu, ya juu ya tofali imenyofoka sehemu mbili tatu. Kwingine ukuta umebaki safi, kana kwamba hapajawahi kukaa kitu.

Majirani wamekusanyika, mwenye nyumba katikati. Ushauri wa kwanza unaotoka ni ule ule wa kila mwaka: "Ziliwekwa geji 32. Safari hii weka 28."

Geji ni kipimo cha unene: namba ikishuka, bati linakuwa nene zaidi. Ushauri huo ndio umenikaa kichwani tangu siku hiyo, wiki kadhaa sasa.

Bati halikuchanika. Misumari ya bati haikutoka. Paa limeruka zima, maana yake kila kilichofungwa juu kilishika. Kilichoachia ni kile kilichotakiwa kulishikilia paa lote na ukuta. Mwenye nyumba akinunua geji 28 na kuipaua kwa mtindo ule ule, atakuwa amelipa pesa nyingi kuimarisha sehemu ambayo haikumwangusha.

Paa halisukumwi, linavutwa

Wengi wetu tunaufikiria upepo kama kitu kinachosukuma kutoka pembeni. Ukuta ndivyo unavyosukumwa. Paa lina shida nyingine. Upepo ukigonga ukuta unapanda, unapita juu ya bati kwa kasi, na pale juu msukumo wa hewa unashuka. Hewa iliyo ndani ya nyumba inabaki na nguvu zaidi ya ile ya juu, hivyo paa linavutwa kwenda juu. Kama kuna mlango au dirisha lililo wazi upande unakotoka upepo, ndani panajaa hewa inayosukuma dari na bati kutoka chini. Nguvu mbili, mwelekeo mmoja.

Tuweke namba. Upepo wa kilomita 90 kwa saa, ambao mvua ya radi inaweza kuuleta bila kuwa kimbunga, una nguvu ya karibu kilo 39 kwa kila mita moja ya mraba. Kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu inaongezeka mara nne, si mara mbili. Chukua nyumba ya mita 10 kwa 12 ambayo mlango wa upande wa upepo umefunguka. Jumla ya kuvutwa na kusukumwa inaweza kufika hizo kilo 39 kwa wastani, na kwenye pembe za paa ikazidi mara mbili. Kwa mita za mraba 120, hizo ni zaidi ya tani nne na nusu za kwenda juu.

Bati pamoja na papi na kenchi za mbao laini vina uzito wa kilo 14 hivi kwa mita ya mraba. Paa zima halifiki hata tani mbili.

Tani tatu zinazobaki lazima zishikiliwe na kitu. Kubadili geji 32 kuwa 28 kunaongeza uzito usiofika hata kilo mbili kwa mita ya mraba. Kwenye hesabu hii hiyo ni sawa na bure.

Tembe lilijibu kwa uzito

Hapa ndipo mawazo yangu yaligeuka. Ugogoni, huku Dodoma, watu wameishi na pepo hizi vizazi na vizazi, na tembe, nyumba yao ya asili, halikuwa na nondo wala misumari. Lilikuwa fupi, na paa lake lilikaribia kuwa bapa. Nguzo zenye panda zilibeba boriti, juu ya boriti zikapangwa fito, juu ya fito majani, kisha udongo. Udongo mkavu wenye unene wa sentimita 15 unazidi kilo 200 kwa kila mita ya mraba. Weka kilo 39 za upepo mbele ya kilo 200 uone nani anashinda.

Tembe lilikuwa na udhaifu wake, hakuna haja ya kulipamba. Mvua za kufululiza ziliuloanisha udongo, paa likazidi uzito, boriti zilizoliwa na mchwa zikakatika. Udongo ulihitaji kushindiliwa upya karibu kila mwaka. Tulipohamia kwenye bati tulipata nyumba ndefu, yenye hewa, isiyovuja. Ila tuliondoa zaidi ya kilo 180 za uzito kwa kila mita ya mraba, na mahali pake hatukuweka kifungo.

Nyumba ya bati haina uzito wa kuinusuru. Ni lazima ifungwe.

Ndiyo maana simwamini sana anayepanga mawe na matairi mabovu juu ya bati. Jiwe la kilo kumi kwenye pembe inayovutwa kwa kilo 80 kwa mita ya mraba halizuii kitu. Paa likitikisika mara ya kwanza, jiwe linashuka nalo, au linamshukia mtu. Kama upepo unakuja usiku huo huo na huna namna nyingine, viroba vya mchanga vilivyofungwa kwa kamba mpaka chini vina nafuu kidogo.

Mnyororo unakatikia wapi

Ufuate mvuto kutoka juu kwenda chini: bati kwenye msumari, msumari kwenye papi, papi kwenye kenchi, kenchi kwenye wolpleti, wolpleti kwenye ukuta, ukuta kwenye lenta (mkanda wa zege unaopita juu ya madirisha na milango), lenta kwenye msingi. Mnyororo huu unakatikia kwenye pete yake dhaifu, na kwa nyumba nyingi za huku pete hiyo iko kati ya wolpleti na ukuta. Inayofuata ni kati ya kenchi na wolpleti.

Kenchi kwa kawaida hugongwa kwenye wolpleti kwa misumari miwili ya inchi nne iliyopigwa mshazari. Msumari ni hodari ukisukumwa kwa ubavu, lakini ni dhaifu ukivutwa kwa urefu wake, na upepo unauvuta kwa urefu. Mbao nazo zina mchango wao. Sehemu kubwa ya mbao za paini tunazopaulia zinashushwa kutoka Mafinga zikiwa bado na maji. Kiangazi cha Dodoma kinazikausha zikiwa tayari juu ya ukuta. Mbao inasinyaa, tundu la msumari linalegea, na kufikia Novemba msumari uliogongwa Juni ukiwa umebana unaweza kuchomoka kwa nguvu ndogo sana.

Wolpleti yenyewe mara nyingi imefungwa kwa waya mwembamba wa kufungia nondo, uliopitishwa chini ya kozi moja ya tofali. Waya huo si wa kazi hiyo, na kutu inaumaliza mapema. Hata ungekuwa mzima, angalia unashikilia nini. Kozi moja ya tofali za bloku za inchi 6 ina uzito wa kilo 70 hivi kwa kila mita ya ukuta. Nyumba yetu ya mfano, uzito wa paa ukishatolewa, inavuta kilo 125 kwa kila mita ya ukuta unaobeba kenchi, na kwenye pembe inapita 300. Kozi moja inanyanyuka na paa. Mbili zinasuasua. Tatu zinashika katikati ya ukuta ila si kwenye pembe. Saruji kati ya kozi na kozi usiihesabu, kwa kuwa inabeba mzigo wa kukandamiza na si wa kuvuta. Kama umejengea kwa udongo, ndiyo kabisa.

Kifungo kinatakiwa kifike kwenye lenta.

Kabla ya kumwaga zege

Kwa anayejenga sasa, kazi hii ni nyepesi kuliko inavyosikika, sharti ifanyike kabla zege la lenta halijamwagwa. Lenta izunguke nyumba nzima bila kukatika. Vipande vinavyowekwa juu ya madirisha na milango tu havifungi nyumba. Nondo nne za milimita 12, ringi kila sentimita 20, na kwenye kona nondo zikunjwe zipite upande wa pili kwa sentimita 60. Kuzikutanisha kona na kuziacha hapo ni kazi bure. Zege la moja kwa mbili kwa nne (saruji, mchanga, kokoto), na limwagiwe maji kwa siku saba, kwa sababu hewa yetu kavu hunyonya maji ya zege kabla halijakomaa.

Halafu vifungo. Kata nondo ya milimita 8, ikunje iwe na umbo la U, ipite chini ya nondo za chini za lenta, na miguu yake miwili isimame juu. Miguu ipande kwenye maungio ya tofali zitakazofuata, na ibaki na nusu mita ya ziada ya kukunjia juu ya wolpleti. Iwepo moja kwenye kila kenchi. Kama kenchi zimepangwa kila mita 1.2, basi vifungo pia kila mita 1.2, na kwenye kona weka viwili.

Kinachoharibika hapa mara nyingi si chuma, ni mawasiliano. Fundi wa zege na fundi wa kupaua ni watu wawili tofauti, na kati yao inaweza kupita hata miaka miwili ya kutafuta pesa. Wa kwanza anaweka vifungo kwa kukadiria kwa macho. Wa pili anakuta haviangukii kwenye kenchi zake, na vingine vimeshapinda au kuliwa na kutu. Anavikata kwa msumeno.

"Bosi, hivi vyuma vilikuwa vinasumbua, nimevitoa. Misumari inatosha."

Haitoshi. Dawa ni kupima kutoka kona moja, kuandika vipimo kwenye karatasi, na kuitunza pamoja na ramani. Vyuma vinavyosubiri vipakwe rangi ya kuzuia kutu au vivikwe mipira ya maji iliyokatwa vipande.

Juu ya wolpleti, kenchi ifungwe kwa mkanda wa chuma wa upana wa inchi moja, usiopata kutu, unaopita juu ya kenchi na kushuka pande zote mbili. Kila upande misumari minne, ya inchi moja na nusu. Hapo ujanja ni kwamba msumari sasa unasukumwa kwa ubavu, kule kule ulikozaliwa na nguvu. Mkanda huo na misumari yake ni gharama ndogo sana mbele ya bati. Hauonekani kwenye hesabu za fundi kwa sababu hakuna aliyeuulizia.

Lenta ya mzunguko ina faida nyingine ambayo watu wa Bahi, Kondoa na Dodoma mjini hawana sababu ya kuipuuza. Tuko kwenye tawi la mashariki la Bonde la Ufa, na ardhi hutikisika mara kwa mara. Kuta zilizofungwa pamoja juu hucheza pamoja, kumbe zisizofungwa kila moja huanguka kivyake.

Nyumba ambayo tayari imepauliwa

Hii ndiyo nyumba ya wengi wetu, na ndiyo iliyonichukua muda kuamua kama inafaa kuandikiwa. Kubomoa ili ufunge upya hakuna atakayekubali. Lakini kuna njia ya kiangazi, kati ya Julai na Oktoba, inayofanyika pembe kwa pembe.

Toa dari la nje chini ya ukingo wa paa, mahali kenchi inapokalia ukuta. Toboa ukuta tundu la milimita 12 chini ya lenta. Kama lenta haipo, toboa chini ya kozi ya tano kutoka juu. Pitisha waya wa milimita 4 usiopata kutu, mara mbili, uzunguke kenchi kwa juu na kurudi. Uukaze kwa kuusokota kwa kipande cha nondo mpaka ulie ukiugonga, kisha acha. Ukizidisha unakatika. Ziba tundu kwa saruji, piga plasta juu ya waya.

Kwa ukuta wa tofali mbichi, usiuache waya uning'inie kwenye tundu peke yake, maana utaukata udongo taratibu. Laza kipande cha nondo au cha mbao ngumu chenye urefu wa sentimita 60 kwenye ukuta, ndani na nje, waya upite chini yake. Mzigo utagawanyika kwenye tofali kadhaa badala ya moja.

Kama mfuko hauruhusu nyumba nzima, anza na kona nne na kenchi mbili za kila mwisho. Paa halianzi kuondoka katikati. Linaanzia kwenye pembe na kwenye kingo, likishapata mwanya linajifunua lenyewe.

Kwa sababu hiyo hiyo misumari ya bati isipangwe sawasawa paa zima. Katikati, msumari kila wimbi la tatu unatosha. Kingoni, kwenye kofia inayofunika kilele cha paa na mita moja ya mwanzo kutoka kila pembe, weka kila wimbi la pili. Kwa bati la mawimbi msumari upite juu ya mgongo, si kwenye bonde ambako maji yanapita. Chagua msumari wenye mwili uliosokotwa, si laini. Kwa bati za msauzi zinazofungwa kwa parafujo, mpira wa parafujo ubanwe ukae vizuri, usipondwe. Ukipondwa, jua letu linaupasua kwa misimu michache na maji yanaingia kwenye papi.

Boma lenye paa, bila milango

Ukipita Nala, Ihumwa au Mkonze utaziona: nyumba zimeshapauliwa, bati zinang'aa, madirisha bado ni matundu. Pesa imeishia hapo. Tangu serikali ilipotangaza kuhamia Dodoma mwaka 2016, mji umejaa nyumba za hatua hii.

Huo ndio wakati ambao paa liko hatarini kuliko wakati mwingine wowote wa maisha yake. Mbao bado zinasinyaa, dari halipo, na kila tundu ni mlango wa upepo. Kawaida tunasema tumepaua ili kunusuru kuta zisiharibiwe na mvua, ni kweli. Lakini kama huna uwezo wa kuziba matundu kabla ya Novemba, na kupaua kunaweza kusubiri, ni afadhali kufunika kichwa cha kuta kwa nailoni na tofali, na kuezeka Mei mwakani. Najua hakuna anayependa kusikia hivi baada ya bati kufika saiti.

Ukiwa umeshapaua, ziba madirisha kwa mabanzi au vipande vya bati vilivyopigiliwa kwenye fremu. Swali linalofuata ni upande gani uanze, na hapo ndipo ushauri wa kawaida una tundu. Pepo za Dodoma karibu mwaka mzima zinatoka mashariki na kusini-mashariki, hivyo watu huziba upande huo na kuacha mwingine. Lakini upepo unaoezua si ule wa kila siku. Ni ule unaoshuka kutoka kwenye wingu la radi. Mvua ya kwanza inaanguka kwenye hewa kavu sana, matone mengi yanakauka njiani, hewa inapoa, inakuwa nzito na kuporomoka hadi chini, kisha inasambaa pande zote. Ndilo lile wimbi la vumbi jekundu linalotangulia mvua. Linatoka kule wingu liliko, na wingu linaweza kuwa popote.

Ziba pande zote.

Baraza, na hilo paa la kuficha

Baraza lililo wazi pande tatu linaukamata upepo kwa chini. Likiwa limejengwa kwa kurefusha bati zile zile za nyumba kubwa, likiinuka linachukua na nyumba. Lipe papi zake na bati zake, lianzie chini ya paa kubwa, ili likiondoka liondoke peke yake. Nguzo zake zizikwe kwenye zege na kufungwa kwa chuma, zisikalishwe tu juu ya sakafu.

Mtindo wa kuficha paa nyuma ya ukuta umeenea, na kwa upepo una nafuu fulani kwa kuwa kingo za bati hazitokezi. Kasoro zake ni mbili. Ukuta wa kufichia mara nyingi ni kozi nne za tofali zisizo na nondo hata moja, zimesimama juu kabisa upepo unakogonga. Na maji yote ya paa yanategemea mfereji mmoja wa ndani, uliokaa miezi sita ukipokea vumbi na majani ya mwarobaini. Ukiziba, maji hayana pa kwenda ila darini.

Na mchwa. Dodoma huwezi kuzungumzia mbao ukamwacha mchwa. Nunua mbao zilizopigwa dawa, na kila sehemu iliyokatwa ipakwe dawa tena, kwa sababu msumeno unafungua katikati ambako dawa haikufika. Kila kiangazi panda darini na bisibisi, chomachoma wolpleti na ncha za kenchi. Ikizama bila kubisha, kifungo chako kimeshikilia unga.

Halafu maji yanakuja

Tunalalamikia ukame, na kweli mvua yetu ya mwaka ni milimita 550 hadi 600 tu. Shida ni namna inavyokuja. Milimita 50 kwa saa moja juu ya lile paa la mita za mraba 120 ni lita 6,000, na bila gata zote zinamwagika kwenye mstari mmoja, sentimita 60 kutoka kwenye msingi. Tuta la udongo linachimbika, msingi unabaki uchi. Kama kiwanja chako kina udongo mweusi wa mbuga, unavimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, na ukuta unapasuka mshazari kuanzia kwenye kona za madirisha. Watu hulaumu saruji.

Gata zitoe maji angalau mita moja na nusu kutoka ukutani, yakiwezekana yaende kwenye tenki. Zungushia nyumba ukanda wa zege wa sentimita 75 ulioinama kuelekea nje, sentimita 4 mpaka 5 kwa upana huo. Jamvi lako, yaani sakafu ya zege, liwe juu ya ardhi kwa sentimita 45 au zaidi. Usipime kutoka kiwanjani tu, pima pia kutoka barabarani, kwa sababu barabara ikija kupandishwa kifusi wewe ndiye utakuwa bonde.

Korongo ni jambo jingine. Linakaa miezi minane likiwa mchanga mtupu, watoto wanacheza mpira humo, na dalali anakuonyesha kiwanja cha pembeni mwezi wa Agosti. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, na makorongo yetu ni mito isiyo na maji ya kudumu. Nenda ukaangalie uchafu ulionasa kwenye vichaka na kwenye magome ya migunga: hapo ndipo maji ya msimu uliopita yalipofika. Angalia pia upande wa nje wa kona, ambako maji hula kingo kila mwaka. Mafuriko ya mwisho wa Desemba 2009 na Januari 2010 yaliikata reli ya kati upande wa Kilosa na Gulwe, tuta lililojengwa na wahandisi na kukarabatiwa miaka yote. Ukuta wa tofali za inchi 6 hauna hoja mbele ya maji ya namna ile. Hapo hakuna cha kuimarisha, ni kutojenga.

Siku yenyewe

Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa, kwa rangi ya njano, chungwa na nyekundu. Kwa Dodoma mimi ningechukulia hata njano ya Novemba kwa uzito, kwa sababu ya zile pepo za mvua ya kwanza.

Ukiliona vumbi, funga milango na madirisha yote. Kuna wanaoshauri yafunguliwe "upepo upite". Usiwasikilize, umeona hesabu. Mlango uwe na komeo la juu na la chini, kitasa peke yake hakistahimili. Bati zilizobaki, mbao za jukwaa na ndoo, viingizwe ndani au vifungwe. Watoto wakae kwenye chumba kidogo cha katikati, mbali na ukuta mrefu wa pembetatu unaobeba mwisho wa paa la pande mbili, maana huo ndio huanguka. Paa likiondoka na nyaya za umeme zikalala chini, usiziguse wala usiguse bati lililozilalia, hata kama mtaa mzima hauna umeme. Zimamoto na Uokoaji ni 114.

Bati zilizoanguka

Zikusanye, nyingi zinafaa. Usizigongelee kwenye matundu yale yale, msumari hautabana na mpira hautaziba. Lisogeze bati kwa wimbi moja, matundu ya zamani yazibwe kwa gundi ya bati, na palipochanika pakatwe. Papi iliyong'olewa ina nyufa za misumari kwenye kila kenchi, hivyo igeuze upande au ikate iwe fupi. Kenchi iliyoanguka chali ikaguliwe kwenye maungio, kwa sababu mara nyingi inaonekana nzima huku misumari yake ya ndani imeshapinda. Na kabla fundi hajapandisha hata kipande kimoja, ang'oe kozi mbili au tatu za juu za ukuta, aifikie lenta, atoboe na kufunga vyuma vyake hapo kwanza. Malipo yake yagawanywe, na sehemu ya mwisho itoke baada ya wewe kupanda ngazi na kuvihesabu vifungo, kenchi moja baada ya nyingine, kabla dari halijavifunika.